Madai ya kifurushi kilichovunjika yamekataliwa: mwongozo kamili kwa watumaji na wapokeaji wa Arusha na Moshi

Kinyago cha mpingo kimetoka Arusha kizima, kimefika Hamburg kimekatika mkono. Laptopu imetoka Kariakoo kwenye boksi lake, imeshushwa stendi ya Moshi kioo kimepasuka. Mwenye mali anajaza fomu ya madai, anazungushwa wiki kadhaa, halafu anapewa mistari mitatu: madai yako yamepitiwa na hayakukubaliwa. Wengi huishia hapo, wanakubali hasara na kunyamaza.

Kazi yangu ni kufungasha na kutuma mizigo ya wachongaji na akina mama wauza shanga hapa Arusha, na inaniuma kuona mtu anaacha haki yake kwa sababu ya karatasi moja. Barua ya kwanza ya kukataa hujibu jalada ulilowasilisha. Afisa aliyelisoma hakuwepo boksi lilipofunguliwa. Kama ndani yake hakuna picha, hakuna tarehe na hakuna risiti, hana cha kulipia hata akikuamini. Jalada linaweza kujazwa upya, na sababu ya kukataa inaweza kujibiwa moja kwa moja.

Hatua ya 1: Jua umekataliwa na nani, na kwa mkataba upi

Watu husema "nililipia bima" wakati walicholipia ni kitu kingine kabisa. Toa risiti na hati ya mzigo, uzisome mbele na nyuma. Utakuwa kwenye moja ya njia nne, na kila njia ina vikomo vyake, muda wake na mlango wake wa rufaa.

Njia ya kwanza ni Posta. Kifurushi kinachokwenda nje kupitia Shirika la Posta Tanzania kina fidia hata kama hukulipia bima, ila fidia hiyo ina kikomo kinachopangwa na Umoja wa Posta Duniani (UPU). Huhesabiwa kwa SDR, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwa miaka ya karibuni SDR 1 imekuwa ikicheza kati ya dola 1.3 na 1.45 za Marekani. Kiwango kilichotumika kwa muda mrefu ni SDR 30 kwa barua au pakiti ya rejista, na kwa kifurushi cha kawaida SDR 40 pamoja na SDR 4.50 kwa kila kilo. Kifurushi cha kilo 5 kwa hesabu hiyo ni SDR 62.50, fedha ambazo hazifiki dola 100. Kama ulituma kinyago cha shilingi laki saba bila bima, ukalipwa kiasi hicho, ujue umelipwa hadi kikomo, na rufaa haitakipandisha. Kifurushi chenye bima ni habari nyingine: hapo fidia inaweza kufika thamani uliyoiandika na kuilipia, mradi thamani hiyo ni ya kweli. Faida uliyotarajia na mteja uliyempoteza havihesabiwi popote.

Njia ya pili ni kampuni binafsi zinazosafirisha vifurushi kwa ndege. Mzigo wa ndege wa kimataifa huongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, na Tanzania ni mwanachama. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo chake ni SDR 26 kwa kilo. Kabla ya hapo kilikuwa SDR 22. Kikomo hicho hupanda tu kama mtumaji alitangaza thamani kwa msafirishaji na kulipia ziada. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo nalisema taratibu: thamani unayoandika kwa ajili ya forodha si thamani unayotangaza kwa msafirishaji. Ni visanduku viwili tofauti kwenye fomu moja. Ukijaza cha forodha peke yake, hujanunua ulinzi wowote. Angalia kisanduku cha pili. Kama kiko wazi, dai lako ni la kiwango cha kilo, na ni bora ulijue leo kuliko baada ya miezi ya kuandikiana barua.

Njia ya tatu ni basi. Huku Kaskazini ndiyo njia ya wengi: unaandikisha mzigo kwenye ofisi ya basi, unapewa kikaratasi, ndugu yako anaupokea jioni. Nyuma ya kikaratasi pameandikwa kwamba kampuni haitahusika na mzigo utakaoharibika. Maneno hayo ni hoja yao ya kujitetea, hayajawa hukumu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka anayekabidhiwa mali ya mwingine aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe. Mzigo ulioandikwa "kioo" ukiwekwa chini ya magunia ya mchele, una la kusema. Tena TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, imekuwa ikiwataka wenye mabasi yanayobeba vifurushi wawe na leseni ya huduma hiyo, kwa hiyo hawako nje ya usimamizi.

Njia ya nne ni bima halisi, mkataba ulioukata kwenye kampuni ya bima au kupitia wakala wake. Hii iko chini ya Sheria ya Bima ya 2009 na msimamizi wake ni TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania. Kabla ya kubishana lolote, hakiki kwenye mfumo wa TIRA kama bima yako ilisajiliwa na ilikuwa hai siku mzigo ulipoondoka. Nchini kwetu bima haianzi mpaka ada ilipwe, na kuna mawakala waliopokea fedha za watu wasizifikishe. Ukikuta hivyo, mgogoro wako wa kwanza ni na wakala, na unapeleka TIRA risiti aliyokupa.

Hatua ya 2: Dai jibu la maandishi

Usikubali kukataliwa kwa simu wala kwa maneno ya kaunta. Omba barua inayotaja mambo matatu: sababu ya kukataa, kifungu cha mkataba au kanuni iliyotumika, na ushahidi walioutegemea. Kama walimtuma mtathmini wa hasara kuangalia mzigo, omba nakala ya ripoti yake. Ukiambiwa "njoo kesho" mara ya pili, andika ombi lako, peleka nakala mbili, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mhuri huo una thamani kuliko ahadi kumi za kwenye simu.

Wakati unasubiri, usitupe kitu. Boksi, seloteipu, magazeti ya ndani, vipande vilivyovunjika, hata stika ya anwani, vyote vibaki kama vilivyo. Usikitengeneze kifaa kabla hakijakaguliwa. Nimeona mtu aliyebadilisha kioo cha laptopu kwa haraka ya kazi. Fundi akatupa kioo cha zamani, na dai likafa palepale kwa sababu hakukuwa na cha kukagua. Kama huwezi kusubiri, waandikie kwanza kwamba utatengeneza tarehe fulani wasipokuja, na kipande kilichotolewa ukihifadhi.

Hatua ya 3: Jibu sababu waliyoitoa, si nyingine

Kosa kubwa la rufaa nyingi ni kueleza uchungu upya badala ya kujibu sababu. Kama wamesema umechelewa, kurasa mbili kuhusu uzuri wa kinyago hazisaidii. Tafuta sababu yako hapa chini.

*"Ufungashaji ulikuwa hafifu."* Hii ndiyo sababu ninayoiona mara nyingi zaidi, na ndiyo inayojibika vizuri zaidi kama boksi lipo. Liangalie kwa nje. Kona iliyobonyea hadi ndani, tundu lililotobolewa na kitu chenye ncha, boksi lililokandamizwa likawa bapa upande mmoja, au karatasi iliyolowa na kukauka ikaacha mstari: hizi ni alama za nguvu iliyotoka nje. Sasa linganisha na kilichovunjika ndani. Kama mkono uliokatika ulikuwa upande wa kona iliyobonyea, weka kinyago ndani ya boksi kama kilivyokuwa, piga picha ya vyote viwili kwa pamoja, na useme hivyo kwenye barua. Boksi likitobolewa tundu la upana wa ngumi, hakuna magazeti ambayo yangezuia.

Kama boksi ni zima kabisa nje na kitu kimevunjika ndani, nakwambia bila kukuficha: dai hilo ni gumu. Hapo utahitaji picha za siku ya kufungasha zinazoonyesha nafasi ya kutosha kati ya kitu na ukuta wa boksi, sentimita 5 kila upande kwa uchache, na kujazwa pande zote ili kisicheze. Stika ya glasi haihesabiki kama ufungashaji. Na kama afisa wa kaunta aliona ndani kabla hamjafunga, taja tarehe na kaunta, kwa sababu walikipokea wakijua kilivyofungwa.

*"Uharibifu umetokana na asili ya kitu chenyewe."* Kwa mkoa wetu wa vinyago, sababu hii ni muhimu mno. Posta na kampuni za bima hazilipi kitu kilichojiharibu kwa asili yake, na mpingo usiokauka vizuri hupasuka wenyewe ukifika kwenye nyumba za Ulaya zenye hewa kavu ya mashine za kupasha joto. Mtathmini akiona ufa wowote, haraka yake ni kuandika "asili ya mti". Kwa hiyo jifunze kutofautisha, umfundishe na mteja wako aliyeko huko.

Ufa wa kukauka hufuata nyuzi za mti. Huanzia mwisho wa gogo, kwa mfano chini ya kitako cha kinyago, unapanda wima, kingo zake ni laini, na hakuna alama ya kugongwa karibu. Mvunjiko wa kugongwa hukata nyuzi kwa mshazari, kingo zina vibanzi vinavyochoma kidole, na sehemu iliyogongwa ina mchubuko uliopoteza mng'ao wa polishi. Kipande kilichotoka hurudi mahali pake kikakaa sawasawa bila pengo, wakati ufa wa kukauka huwa umeshafunguka na haufungi tena. Picha ipigwe karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni, rula ikiwa pembeni ya ufa. Kisha mchongaji mwenyewe aandike maelezo mafupi: alichonga lini, gogo lilikaushwa kwa muda gani, mvunjiko anaousoma ni wa aina gani. Aweke jina, sahihi na namba ya simu. Mchongaji ni mtaalamu wa mti wake, na maelezo yake yana uzito.

Kwa picha za Tingatinga hoja inafanana: rangi yake ni ya mafuta, ikiviringishwa bila karatasi katikati hushikana kwenye joto, na hilo hawalipi. Turubai iliyochanika wanapaswa kulipa.

*"Umechelewa kutoa taarifa."* Hesabu upya wewe mwenyewe kwa kalamu. Kwa Posta ya kimataifa, ulizo (ombi la kufuatilia kifurushi) hupokelewa ndani ya miezi sita kuanzia siku inayofuata siku ya kutuma. Kwa mzigo wa ndege chini ya Mkataba wa Montreal, lalamiko la uharibifu linatakiwa kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea. Kwa bima, muda umeandikwa kwenye mkataba wako. Angalia walianza kuhesabu kutoka tarehe ipi. Mara nyingine wamehesabu kutoka siku fomu ilipofika ofisi kuu, wakati wewe uliiwasilisha tawini siku kadhaa kabla. Kama mteja wako alimwandikia msafirishaji barua pepe au ujumbe wa WhatsApp siku ya pili, hilo ni lalamiko la maandishi na lina tarehe yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi, kwa hiyo usifute mazungumzo, na usihamishe simu kabla ya kuyatunza.

*"Mpokeaji alisaini kwamba amepokea kikiwa kizima."* Sahihi inawapa wao faida, lakini haifungi mlango. Chini ya utaratibu wa UPU, mpokeaji aliyekabidhiwa kifurushi bado anaweza kutoa taarifa bila kuchelewa kwamba amekuta uharibifu, na hapo ni juu yake kuonyesha kwamba haukutokea baada ya kukabidhiwa. Chini ya Montreal nako, kupokea bila lalamiko ni ushahidi wa awali tu, na unaweza kupingwa ukiwa ndani ya siku zako 14. Kinachosaidia ni picha zilizopigwa ndani ya saa moja au mbili tangu kukabidhiwa, zenye tarehe, zikifuatana: boksi limefungwa, linafunguliwa, kitu kimevunjika. Siku nyingine ukipokea mzigo uliobonyea, andika pembeni ya sahihi yako "boksi limebonyea, sijakagua ndani". Maneno hayo machache yanabadilisha kesi nzima. Mletaji akikataza kuandika, usisaini.

*"Thamani haijathibitishwa."* Risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, ndiyo bora kuliko zote. Mchongaji wa kijijini hana mashine hiyo, lakini ana ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya mteja, ana ankara ya mauzo, na ana bei alizomuuzia mwingine kitu kinachofanana. Viweke vyote. Kama uliandika thamani ndogo kwenye fomu ya forodha ili mteja asilipe ushuru mkubwa, thamani hiyo hiyo ndiyo watakayokurudishia, na sitakushauri ubishane nayo. Kuandika thamani kubwa kuliko ukweli ni hatari zaidi: kwa kifurushi chenye bima, udanganyifu wa kupandisha thamani unafuta fidia yote.

*"Kitu hakiruhusiwi."* Fedha taslimu na vito ndani ya barua isiyo na bima ni mfano wa wazi. Huku kwetu jirani na Mirerani bado wapo wanaotia tanzanaiti kwenye bahasha. Hapo rufaa haina miguu.

*"Mdai si mhusika."* Hii hurekebishwa haraka. Kwa kawaida haki ya fidia ni ya mtumaji. Kifurushi kikishakabidhiwa kikiwa kimeharibika, mpokeaji naye ana haki, na mtumaji anaweza kumwachia kwa maandishi. Kaeni mkubaliane nani anadai, aandikiane na mwenzake barua ya mistari miwili, mwambatanishe. Msidai wote wawili kwa wakati mmoja.

Hatua ya 4: Ripoti ya fundi yenye maana

Kwa simu, laptopu, televisheni na lenzi za kamera, dai lako linasimama juu ya ripoti ya fundi, na ripoti nyingi ninazoziona hazifai. "Laptop imeharibika, matengenezo 450,000" ni karatasi ya bure. Mwombe fundi aandike hivi:

"Nimekagua laptopu yenye namba ya utambulisho ya kiwanda, yaani serial number (iandikwe yote). Kioo kimepasuka kuanzia kona ya juu kulia. Fremu ya chuma kwenye kona hiyo imepinda kwa ndani. Bawaba ya kulia imeng'oka. Hakuna dalili ya maji wala kutu ndani. Uharibifu huu unatokana na kugongwa au kuangushwa. Kubadilisha kioo, fremu na bawaba ni shilingi 450,000, vipuri na ufundi. Baada ya matengenezo kifaa kitafanya kazi kama awali."

Kisha jina, sahihi, tarehe na mhuri wa duka. Umeona tofauti: imetambulisha kifaa, imesema kilichovunjika, imetaja chanzo, imeondoa vyanzo vingine, imetoa bei. Maana walipaji huchagua kiasi kidogo kati ya gharama ya kutengeneza na thamani ya kitu, na kama kifaa ni cha miaka mitatu watakata uchakavu. Ukipata makadirio ya mafundi wawili, nguvu inaongezeka. Kama kitu hakitengenezeki, fundi aseme hivyo waziwazi na aeleze kwa nini.

Mzigo ukiwa umechomolewa vitu badala ya kuvunjika, nenda polisi upate RB, na mzigo upimwe uzito. Tofauti kati ya kilo za kwenye hati na kilo za leo ni ushahidi ambao hauhitaji maelezo.

Hatua ya 5: Barua ya rufaa

Iwe ukurasa mmoja, viambatisho vifuate. Isiwe na matusi wala vitisho. Afisa anayeweza kukusaidia asipewe sababu ya kukasirika. Mfano:

"Meneja wa Madai,
(Jina la kampuni au shirika)

YAH: RUFAA DHIDI YA KUKATALIWA KWA MADAI, KIFURUSHI NA. ______

Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na. ______ ya tarehe ______, na uhusike na kichwa cha habari hapo juu.

Katika barua hiyo madai yangu yalikataliwa kwa sababu kwamba ufungashaji ulikuwa hafifu. Naomba uamuzi huo upitiwe upya kwa sababu zifuatazo.

Kwanza, kona ya chini kushoto ya boksi imebonyea kwa sentimita 6 (Kiambatisho A). Sehemu iliyovunjika ilikuwa nyuma ya kona hiyo (Kiambatisho B). Pili, picha za siku ya kufungasha zinaonyesha kitu kikiwa kimezungukwa na kinga ya sentimita 5 pande zote (Kiambatisho C). Tatu, uharibifu ulitolewa taarifa siku ya kupokea (Kiambatisho D).

Thamani ya kitu ni shilingi ______ kama inavyoonekana kwenye ankara na uthibitisho wa malipo (Kiambatisho E). Naomba nilipwe shilingi ______.

Endapo uamuzi hautabadilika, naomba nielezwe kifungu kilichotumika na nipatiwe nakala ya ripoti ya ukaguzi. Naomba majibu kwa maandishi ifikapo tarehe ______.

Natanguliza shukrani.

Nakala: (mamlaka inayohusika), Arusha"

Ule mstari wa nakala uwe wa kweli, ukiandika, peleka. Peleka barua kwa mkono, mhuri ugongwe kwenye nakala yako, na fungua daftari la kuandika kila ulichofanya: tarehe, jina la uliyeongea naye, alichosema. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye madai ni hivyo hivyo.

Hatua ya 6: Mlango unaofuata

Muda ulioutaja ukipita bila jibu, au jibu likiwa lile lile, panda ngazi. Mamlaka zote zitakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa mtoa huduma mwenyewe, na nakala yako yenye mhuri ndiyo jibu.

Kwa Posta, kampuni za vifurushi na mabasi yanayobeba vifurushi, nenda TCRA, ofisi ya Kanda ya Kaskazini, hapa Arusha. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, linalosimama upande wa mtumiaji. Asiyeridhika na uamuzi wa TCRA hukata rufaa Baraza la Ushindani. Wapo wanaolifuata lile jengo refu la PAPU (Umoja wa Posta Afrika) hapa Arusha, lililozinduliwa tarehe 2 Septemba 2023, wakidhani ni mahali pa kushtaki posta. Umoja huo ni chombo cha serikali wanachama, hausikilizi dai la kifurushi chako.

Kwa kampuni ya bima, nenda TIRA, ambayo nayo ina ofisi ya kanda Arusha, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO), ofisi iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009. Huduma ya Msuluhishi ni bure. Usifungue kesi mahakamani wakati huohuo. Chagua mlango mmoja kwanza.

Mahakama inabaki. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai madogo ya mkataba, na kwa Kiswahili. Kwa mkataba wa kawaida sheria ya ukomo inakupa miaka 6. Kwa mzigo wa ndege wa kimataifa chini ya Montreal ni miaka 2 tu, haiongezwi. Pima lakini: kwa dai la shilingi laki mbili, nauli na siku za kazi zitalila lote. Kwa dai la milioni mbili au zaidi, lenye boksi, picha na mhuri, ningekwenda.

Hatua ya 7: Wakikubali kulipa

Mara nyingi baada ya rufaa unaitwa na kupewa kiasi kidogo kuliko ulichodai, pamoja na karatasi ya kusaini. Isome ukiwa umekaa. Ikisema "malipo kamili na ya mwisho", ukisaini umefunga dai. Kama kiasi ni sahihi, saini. Kama ni sehemu tu, omba waandike ni malipo ya kitu gani, au andika mwenyewe "napokea bila kuacha haki ya kudai kiasi kilichobaki" kabla ya sahihi yako. Wakikataa maneno hayo, chukua nakala, nenda nayo nyumbani ukafikiri. Hakuna anayelazimika kusaini siku hiyo hiyo.

Uliza pia mabaki ni ya nani. Mlipaji aliyelipa thamani yote ana haki ya kuchukua kilichovunjika. Kinyago kilichokatika mkono bado kinaweza kuungwa na kuuzwa kwa bei ya chini, hivyo kama unakitaka, sema mapema na mkubaliane wakate kiasi gani, iandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo kabla fedha haijaingia.